Majina Tuliyopewa Jikoni kwa Sifu Lam

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za mlango wa nyuma, nikafunga kisu changu kwenye taulo na kwenda nacho nyumbani. Daktari ameandika kwamba bega langu la kulia limemaliza kazi. Mimi mwenyewe sijamaliza, ila bega halikuniuliza. Kwa hiyo nina miaka arobaini na sita na tayari ni mstaafu wa jikoni, huku majirani zangu wa mtaa wa Husby, hapa Sweden, wa umri huu wakiwa bado wanasomea udereva wa basi.

Ninyi mnaobaki pale mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Mshahara siuandiki, wala nani alipanda cheo lini. Vyeo vilikuwa vitatu, na vyote vilinuka kitunguu saumu. Nitaandika juu ya majina. Wengi wenu hamkumkuta Sifu Lam kwenye karai. Sifu ni neno ambalo Wakantoni, watu wa Hong Kong na pande zile, humwita bingwa wa kazi ya mikono. Yeye hakumwita mfanyakazi kwa jina lake la kuzaliwa mara nyingi. Alimwita kwa msemo wa kwao unaosema tabia ya mtu: mvivu, mjivuni, msahaulifu, msengenyaji. Ukielewa misemo ile ulielewa jiko zima. Mimi nilikuwa na daftari la misemo hiyo, nikajiona mtaalamu, na utaalamu wangu huo nusura umkoseshe mama mmoja watoto wake.

Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimezaliwa Bujumbura, nimesoma sekondari Kigoma, nimeuza vitabu vya mitumba Nairobi, na ndani ya miaka miwili ya Sweden nilikuwa nimeshapita kazi nne. Nilisafisha ngazi za maghorofa, nilisukuma vitanda hospitalini, niliosha masinia kwenye kantini ya kiwanda huko Södertälje, nikagawa magazeti. Hiyo ya magazeti niliipenda kuliko zote kwa sababu walinilipa nitembee. Sijui kutulia. Hata leo nikikaa mtaa mmoja miaka miwili naanza kuangalia ratiba za treni, na nikifika huko nilikokwenda naanza kukumbuka nilikotoka.

Mgahawa ulikuwa Sundbyberg, kati ya duka la miwani na saluni. Siku ya kwanza nilifika saa tatu asubuhi. Sifu Lam alinitazama viatu, si uso, akanipa gunia la mchele. Kiswidi chake kilikuwa cha jikoni kama changu: maneno mia mbili hivi, hakuna kitenzi kinachobadilika. Osha mara tatu, weka maji, washa. Niliosha mara tatu, nikaweka maji mpaka kwenye kiungo cha kwanza cha kidole kama alivyonionyesha, nikabonyeza kitufe. Saa nne na nusu tulipofungua sufuria ile kubwa ya umeme, mchele ulikuwa umelala kwenye maji baridi. Sikuwa nimechomeka waya ukutani.

Sifu alitazama mchele, akanitazama mimi, akasema polepole kama daktari anayetaja ugonjwa: "Dai tau ha."

Aliyenitafsiria ni Njeri, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akihudumia meza. Alikuwa ameolewa na Msweden na alikuwa pale mwaka mzima kabla yangu.

"Amekuita kamba mwenye kichwa kikubwa," alisema. "Kamba wa baharini. Kichwa kikubwa, ndani hakuna kitu. Ni mtu wa kusahau sahau."

"Wewe alikuita nani?"

"Mimi ni se wong. Mfalme wa nyoka. Ati natoroka kazi kwenda kujilaza mahali penye joto." Akafikiri kidogo. "Ni kweli, lakini angeweza kuniuliza kwanza."

Tulikula mkate na supu mchana ule. Lakini kabla ya kula niliona desturi ambayo nawaandikia sasa, na ambayo sikuielewa kwa miaka. Kila siku, kabla ya mlango kufunguliwa kwa wateja wa mchana, wafanyakazi wote walikaa kwenye meza ya duara karibu na mlango wa jikoni. Sifu alikaa mwisho. Aliangaza macho na kusema kosa la kila mtu la jana kwa msemo mmoja. Uliyetajwa uliinua bakuli lako na kujibu, "Ndiyo, Sifu." Kisha yeye, kwa vijiti vyake, alichukua kipande cha nyama au samaki kutoka sahani ya katikati na kukuwekea kwenye bakuli. Tusi, halafu nyama. Mimi niliona tusi. Nyama niliila tu.

Baada ya wiki chache nilinunua daftari. Nilipenda misemo ile kuliko nilivyopenda kazi yenyewe. Mwenye kujipendekeza kwa mkubwa ni cha hai, mpiga rangi viatu. Mwenye kiburi ni vumbi la mchanga. Bahili ni mpweke na mwenye baridi, nami nikafikiri, kweli, wale ninaowajua wako hivyo. Anayejua kazi kumi na haiwezi hata moja amevaa visu mwili mzima na hakuna chenye makali. Anayekataa kukiri kosa lililo wazi ni kuku mfu anayeegemeza mfuniko wa sufuria ya wali. Huyu nilimwomba Sifu anieleze. Alisema kuku amekwisha kupikwa, miguu imekakamaa, na bado anasukuma mfuniko. Sikuhitaji zaidi. Nilikuwa nimeishi na watu wa namna hiyo katika nchi nne.

Msemo mmoja haukuhitaji tafsiri. Mbishi asiyesikia ni ngang geng, shingo ngumu. Nilipomwambia Sifu kwamba na sisi tunasema hivyo hivyo, alisema, "Basi kwenu pia kuna watu."

Mimi mwenyewe baada ya kamba nilipewa jina la kudumu: ke ngau wan ma, aliyepanda ng'ombe huku akitafuta farasi. Ni mtu mwenye kazi anayetafuta kazi nyingine. Alinikuta nasoma matangazo ya kazi kwenye gazeti la bure la treni. Nilikaa juu ya ng'ombe huyo zaidi ya miaka ishirini.

Sasa vyombo, kwa sababu najua wengine mmeanza kutumia mashine. Ubao wa kukatia ulikuwa kipande cha gogo, mviringo, unene wa shubiri moja na zaidi. Kila jioni unaukwangua kwa mgongo wa kisu, unausugua chumvi, unausimamisha ukauke. Ukiulaza unapasuka. Kisu kipana kinatosha kwa kila kitu: kukata, kuponda tangawizi kwa ubavu wake, kubeba ulichokata mpaka kwenye bakuli. Nyama ya ng'ombe ikatwe kukinga nyuzi zake, si kuzifuata, halafu ikandwe na wanga wa mahindi, sosi ya soya na maji kidogo mpaka inywe yote. Jiko la karai ni kitu kingine. Moto wake unanguruma, na unauongoza kwa goti, kwa mtaimbo mdogo ulio mbele, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Hapo alisimama Sifu peke yake. Mimi nilikuwa mtu wa ubao, na kwa Wakantoni mtu wa ubao hasogei kwenye karai hovyo, kama vile fundi cherehani asivyokwenda kupiga pasi kwa jirani.

Miaka ya katikati nitairuka. Tulikata, tulipika, theluji iliyeyuka, Njeri alijifungua mara mbili na akarudi mara mbili. Mtu mmoja tu wa miaka ile namtaja. Alikuwa bwana mtulivu aliyekuja kila siku kwa treni kutoka Södertälje kuosha vyombo na kusaidia kumenya. Sifu hakumpa jina hata siku moja. Alimwambia "m goi", yaani tafadhali au asante, na kwenye chakula alimsogezea sahani ajipakulie mwenyewe. Nilimwonea wivu, nikadhani ndiye kipenzi. Baada ya miezi mitano aliambiwa hahitajiki tena. Nilishangaa, nikaandika kwenye daftari kwamba Sifu hatabiriki. Ningefikiri kidogo siku ile, yaliyofuata yasingetokea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi alipokuja Mama Riziki. Wakati huo mgahawa ulikuwa mikononi mwa Mei, binti wa Sifu, aliyekulia hapa. Baba alimsemesha Kikantoni, yeye akamjibu Kiswidi, sawasawa na watoto wetu wanavyotufanyia sisi. Mei aliona baba anazeeka na akataka mtu wa pili kwenye karai. Nilimleta Mama Riziki mimi. Tulisali pamoja. Alikuwa Mkongo wa Uvira, amenizidi miaka saba, na kwao alikuwa amepikia watu kwenye mgahawa wake mwenyewe wenye meza sita. Mei alimpa miezi sita ya majaribio kuanzia mwishoni mwa Agosti. Ikiisha, apewe kazi ya kudumu au aondoke.

Watoto wake wawili walikuwa wamebaki kwa dada yake. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa imemwambia ili waje alete karatasi mbili: ya nyumba na ya kazi ya kudumu. Ya nyumba alikuwa nayo. Riziki, yule mkubwa, alikuwa na miaka kumi na saba, na mwezi wa Machi angetimiza kumi na minane. Akishatimiza angehesabiwa mtu mzima, na ombi lake lingeanza upya kwenye foleni nyingine ambayo hakuna aliyejua mwisho wake. Mama Riziki hakulisema jambo hili mara mbili. Alilisema mara moja, kwenye treni, akaanza kunieleza namna ya kukausha dagaa.

Sifu alianza naye wiki ya kwanza. Alimpa karai lenye tambi pana za mchele na nyama ya ng'ombe, chakula ambacho Wakantoni hukitumia kumpima mpishi. Tambi zisikatike, nyama isikauke, na ukiinamisha sahani mafuta yasitiririke. Mama Riziki alizikoroga kama ugali. Zikawa uji.

"Ngau pei dang long," alisema Sifu mezani. Taa ya ngozi ya ng'ombe. Taa zao nyingine ni za karatasi, mwanga unapita. Hii unaiwasha na kuiwasha, nje giza tu. Ni mtu asiyeelewa hata umfundishe vipi.

Mama Riziki aliuliza nini kimesemwa, nikamwambia. Aliinua bakuli, akapata nyama, akala. Kesho yake taa ya ngozi. Keshokutwa taa ya ngozi. Siku moja kuku mfu pia, kwa sababu alisisitiza kwamba tambi zilikuwa mbovu kabla hajazigusa. Wiki ya tano nikawa sili vizuri. Kwetu mwanamke wa umri ule, mama wa watu, hasemwi hivyo mbele ya wadogo zake. Na ni mimi niliyemleta.

Nikamfuata Sifu wakati wa mapumziko ya alasiri. Alikuwa uani, amekaa juu ya kreti ya chupa za soya, anasoma gazeti lake la Kichina la wiki iliyopita.

"Sifu, yule mama amenizidi umri," nikamwambia. "Kwetu mtu kama yeye haitwi taa ya ngozi ya ng'ombe mbele ya watu."

"Kwenu anaitwaje?"

"Anaitwa mama."

Alinitazama, akakunja gazeti mara nne. "Haya," akasema.

Tangu siku ile Mama Riziki aliambiwa m goi. M goi karoti. M goi vitunguu. Mezani Sifu alimsogezea sahani kwa mikono miwili ajipakulie. Nilijisikia mtu aliyefanya jambo la maana, nikamwambia Njeri, "Unaona? Ukizungumza na mkubwa kwa adabu anakusikia."

"Haya, balozi," alisema Njeri, akabeba sahani zake.

Mama Riziki alimenya karoti Oktoba nzima, na Novemba, na Desemba. Mara mbili aliniuliza kwa nini haitwi tena kwenye karai. Nikamwambia avumilie, mzee anamheshimu.

Januari, wiki sita kabla majaribio hayajaisha, Mei aliniita kwenye ghala la mchele.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba hatuendelei naye. Natakiwa kumpa taarifa wiki mbili kabla. Ni mtu mzuri, Deo, lakini nilimchukua kwa ajili ya karai. Siwezi kumpa kazi ya kudumu mtu wa kumenya karoti."

"Hajafundishwa. Afundishwe."

"Baba amemwacha. Hajamwita kitu chochote tangu vuli. Umekaa naye miaka yote hii, hujui maana yake?" Aliniona sijui kweli, akakaa juu ya gunia. "Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimdanganya mahali nilipokuwa. Alinisemesha kwa adabu wiki nzima. Chai, tafadhali. Mlango, asante. Nililia mpaka akaniita mfalme wa nyoka. Baba hapotezi msemo kwa mtu ambaye hatarajii chochote kwake."

Nilitoka mle ghalani nikasimama kwenye ubao wangu, na yule bwana wa Södertälje akanijia akilini. Kisu nilikuwa nimekishika lakini sikuwa nakata. Halafu nikawaza nyama. Miaka yote, hakuna siku mtu alitajwa jina asiwekewe kitu kwenye bakuli, na hakuna siku asiyetajwa aliwekewa.

Nilimweleza Mama Riziki kwenye treni ya kurudi nyumbani. Sikupamba. Nilimwambia nilikwenda kwa Sifu bila kumuuliza yeye, nikamwambia Sifu amheshimu, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Alisikiliza mpaka tulipofika kituo cha kubadilisha treni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilidhani nakusaidia."

"Kaka Deo, mimi niliitwa majina na watu wenye bunduki, na ningali hapa. Ile taa ya ngozi ndiyo ingeniua?" Hakupaza sauti. Watu wazima wa Kiswidi waliokuwa karibu waliendelea kusoma simu zao. "Umenipeleka sebuleni kama mgeni. Mgeni nani anamfundisha kupika? Anakula, anashukuru, anaenda kwake. Miye kwangu ni wapi?"

Tulipanda treni ya pili.

"Bon," alisema. "Kesho unifundishe vile inatamkwa."

"Ipi?"

"Ile jina langu."

Asubuhi yake, kabla ya chakula, alivua glavu za kumenyea, akaenda akasimama kando ya jiko la karai. Nilimfuata nikitaka kutafsiri. Akaniambia bila kugeuka, "Wewe nyamaza. Umeshasema ya kutosha."

Sifu alikuwa anasafisha karai kwa fagio la mianzi. Mama Riziki akajigusa kifua.

"Sifu. Ngau pei dang long," alisema, akatafuta maneno ya Kiswidi. "Washa tena."

Sifu aliacha kufagia. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Huyu kasema kwenu unaitwa mama."

"Nyumbani, mama. Hapa, ngau pei dang long."

Njeri alikuwa amesimama mlangoni na trei. Sifu alisukuma goti lake kwenye mtaimbo, moto ukanguruma. "Njoo," alimwambia. Kisha akanielekezea upawa na kunipa msemo ambao haukuwa kwenye daftari langu: do si. Mambo mengi. Ni mtu anayeingilia yasiyomhusu. Mezani siku hiyo aliniita hivyo tena mbele ya wote. Nikainua bakuli. Nilipata kipande cha bata, na nakiri nilishusha pumzi.

Wiki zilizofuata sijaona mtu akifanya kazi vile, na nimefanya kazi na wengi. Mama Riziki alikuja saa mbili badala ya saa tatu. Wakati wa mapumziko, sisi tukiwa tumenyoosha miguu, alisimama kwenye jiko baridi na karai lenye kilo mbili za chumvi ya mawe, akiirusha na kuidaka. Mara ya kwanza nusu ilikwenda sakafuni. Aliifagia, akaanza tena. Aliweka alama ya chaki ukutani mahali chumvi isipite. Mkono wa kushoto ulivimba, akaufunga kitambaa. Sifu alipita nyuma yake na gazeti lake, bila kusimama, akitupa msemo mmoja kila anapopita: taa ya ngozi, shingo ngumu, visu visivyo na makali. Yeye alijibu kila mmoja, "Ndiyo, Sifu," kama watu wanaosalimiana.

Siku moja nilimwona Sifu amemshika kiwiko na kukishusha, bila kusema neno. Kiwiko kikiwa juu, tambi zinapanda na kuanguka kwa uzito wao, zinakatika. Kikiwa chini zinateleza na kujigeuza zenyewe. Ni hilo tu. Angeweza kumwonyesha Oktoba.

Nanyi mnaofundisha wengine sasa niwaambie hapa, kabla sijamaliza. Siwaambii mtukane watu. Baadhi ya majina yale yalikuwa makali kupita kosa, na wapo walioondoka pale wakiwa na machozi ambayo hakuna nyama iliyoyalipa. Nawakatazeni jambo jingine: kumsemesha mtu vizuri huku mmeshamfuta moyoni. Akikosea mwambie leo, kwa lugha yoyote uliyo nayo, na msimamie pale pale mpaka apate. Na kama unataka kumtetea mtu, muulize kwanza yeye anataka nini. Mimi tangu mwaka ule nimeuliza kila mara, hata ninapohisi najua.

Mei alikuwa amekubali kungoja, na siku yake ya mwisho ya kuamua iliangukia Jumatano. Sifu alimwambia Mama Riziki apike chakula cha wafanyakazi: tambi pana na nyama ya ng'ombe, karai zima, watu watano. Nilimkatia nyama mwenyewe, na sijawahi kukata kwa uangalifu vile. Alipasha karai mpaka likatoa moshi, akazungusha mafuta, akayamwaga, akaweka mengine. Nyama ikaingia, ikatoka. Kitunguu, machipukizi ya choroko, tambi. Goti lake lilicheza kwenye mtaimbo, moto ukipanda na kushuka. Alirusha mara tisa. Nilihesabu.

Mezani Sifu aliinamisha sahani. Mafuta hayakutiririka. Aliinua uzi mmoja wa tambi kwa vijiti, mrefu, mzima, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akala. Tukamngoja atamke. Akala tena. Mama Riziki alikuwa ameweka mikono mapajani na hakugusa bakuli lake. Sifu akafuta mdomo.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Haijazidi," alisema Mama Riziki.

"Sei gai chang fan goi." Kuku mfu.

"Ndiyo, Sifu. Lakini haijazidi."

Vijiti vya Sifu vilikwenda kwenye sahani, vikatafuta, vikarudi na kipande kikubwa cha nyama mpaka kwenye bakuli la Mama Riziki. Njeri alipumua kwa nguvu, akasingizia mafua.

Mei alikuja na fomu yake ya tathmini, akakaa. Kulikuwa na mstari unaouliza tabia na mwenendo wa mfanyakazi kazini. Akamuuliza baba yake kwa Kiswidi aandike nini. Nilitayarisha kichwa changu kumtafsiria Mama Riziki, kwa kuwa katika daftari nilikuwa na misemo kama arobaini, na ya sifa haikuzidi mitatu.

Sifu alifikiri. "Andika kwamba naenda likizo," alisema.

"Baba, wanauliza juu yake, si juu yako."

"Wiki tatu. Kwa dada yangu, Hong Kong."

Mei aliweka kalamu chini. Tangu mgahawa ufunguliwe mzee yule hakuwahi kuliacha karai lake kwa mtu mwingine. Alipougua tulifunga mlango na kubandika tangazo. Mei alimtazama baba yake, akamtazama Mama Riziki, akachukua kalamu tena na kuandika bila haraka: mpishi mkuu anamwachia karai kwa wiki tatu. Chini yake akaandika, ajira ya kudumu, akatia sahihi.

Karatasi ile ilifika ofisi ya uhamiaji wiki hiyo hiyo, ombi la Riziki likapokelewa akiwa bado na kumi na saba, na kabla ya mwaka kwisha watoto wote wawili walikuwa Husby, ghorofa ya nne, wakigombania dirisha. Lakini siku ile hakuna aliyeyajua hayo. Siku ile Mama Riziki aliniomba nimsomee kwa Kiswahili kilichoandikwa. Nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Alikunja midomo, akageuka kumwangalia Sifu.

"Anaondoka lini?"

"Jumatatu," nikamtafsiria jibu la Sifu.

Aliinuka, akaenda kwenye jiko, akautoa upawa wa Sifu kwenye ndoano na kuupima kando ya mkono wake, kuanzia ncha za vidole. Ulimfika kwapani.

"Basi mwambie Mei aagize mwingine mfupi," alisema. "Huu siuwezi, na Jumatatu si mbali."